Arifa za kompyuta wadini: nimekaa nazo miezi minane, na kuna moja sikubali iondolewe

Haya, wenzangu watatu wanne wa hospitali nyingine hapa Mombasa wameniuliza kuhusu hii sistimu tuliyowekewa, mmoja bosi wake ashaletewa bei na ataka kujua kabla hajatia sahihi, kwa hivyo naandika yote hapa mara moja. Mimi ni nesi, wadi ya watu wazima, na nimeitumia miezi minane mchana na usiku. Hospitali siitaji na kampuni siitaji, sijaomba ruhusa ya mtu. Nitasema tu vile kitu chenyewe kinavyofanya kazi, wapi kimenisaidia na wapi kimenichosha.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: faili ya mgonjwa sahii iko ndani ya kompyuta, dawa zake, vipimo, presha, joto, kila kitu. Sasa arifa ni ile kompyuta kukwambia jambo bila wewe kuiuliza. Daktari yuwaandika dawa, kijisanduku chatokea kwa skrini. Majibu ya labu yameingia, simu ya wadi yalia. Sisi tuliwekewa kadhaa lakini nitaongelea zile zinazohusu maambukizi, yaani mgonjwa aliyekuja na mdudu wake kutoka nyumbani na yule aliyempata humu humu hospitalini akiwa kitandani, na huyo wa pili ndiye anayeniuma zaidi kwa sababu alikuja kwetu kupona.

Naanza na ile ninayoipenda, ya kalcha.

Mgonjwa akija na homa kali, damu inatolewa inatiwa kwa chupa ya kalcha inapelekwa labu, inakaa mahali pa joto mpaka wadudu waote kama wamo. Halafu wakishaota wanajaribiwa na dawa moja moja kuona ipi inawaua na ipi hawaijali. Karatasi inayorudi ina majina ya dawa na mbele ya kila dawa kuna herufi, S ni kwamba inamuua, R ni kwamba amekataa. Hii shughuli yachukua siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Na mgonjwa hawezi kungojea siku tatu bila dawa, kwa hivyo daktari anaanza na dawa anayodhani itafaa, na kudhani huko si kosa, ndio inavyotakiwa. Kilifi hapo jirani watafiti walipima damu za watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002, matokeo yakachapishwa 2005: katika vifo vyote vya watoto pale hospitalini zaidi ya robo walikuwa na bakteria ndani ya damu, na katika hao zaidi ya theluthi mbili walifariki ndani ya siku mbili tu tangu walazwe. Siku mbili, yaani kalcha haijakomaa mtoto ashaenda. Ndio maana dawa ya kwanza haingoji majibu. Lakini basi majibu yakija lazima yamfikie mtu, saa hiyo hiyo, kwa sababu huenda dawa uliyoanza nayo haimfanyi lolote huyo mdudu.

Na hapa niseme la kwangu. Mwaka wa 2019 ami yangu alilazwa, si hapa ninapofanya kazi, ni hospitali nyingine ambayo pia siitaji. Ana sukari, kidonda cha mguu kikaoza, homa juu. Akawekewa seftriaksoni, antibaiotiki ya sindano, wakapeleka usaha kalcha, vizuri kabisa. Majibu yakatoka Ijumaa jioni. Karatasi ikawekwa kwa trei ya majibu ya wadi yake, pale dirishani labu, na wikendi hakuna aliyepita kuichukua. Jumatatu asubuhi interni mmoja ndio akaileta, mbele ya seftriaksoni imeandikwa R. Siku tatu ami alikuwa anadungwa dawa ambayo yule mdudu hata haijali, na sisi tumekaa pale tukihesabu dozi tukisema zikimaliza saba atapata nafuu. Mguu ulikatwa chini ya goti. Sisemi karatasi ndio iliukata mguu, kidonda chenyewe kilikuwa kibaya na sukari yake ilikuwa juu sana, labda ungekatwa tu. Lakini ile trei naijua ilivyo, ya plastiki ya bluu, na kila nikipita labu yetu naitafuta kwa macho.

Sahii ikoje: labu wakithibitisha majibu, simu ya wadi yalia kwa mlio wake tofauti, haufanani na mwingine wowote, na wakati huo huo yamwendea daktari anayemshughulikia mgonjwa kwa simu yake na mfamasia wa zamu kwa yake. Kwa skrini unaona jina la mdudu, dawa anazotumia mgonjwa sasa hivi, na kama kuna dawa anayotumia ambayo imepata R inawekwa juu kabisa kwa rangi nyekundu. Hicho ndicho kitu cha maana. Haikwambii "majibu yako tayari" ukayatafute, inakwambia mgonjwa wa kitanda fulani yuwapewa dawa fulani na hiyo dawa haifanyi kazi. Na haiondoki mpaka mtu aandike amefanya nini. Isipojibiwa kwa muda uliowekwa inampandia inchaji, yaani nesi msimamizi wa wadi, kisha daktari wa zamu.

Jumapili moja alasiri, mama mmoja wa makamo, mkojo wamchoma, mgongo, homa na kutetemeka tangu Ijumaa, yuko kwa seftriaksoni na bado yuwawaka moto. Simu ikalia saa kumi na kitu. E. coli, na ni wale wanaotengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa, wale tunaowaita ESBL. Seftriaksoni R, amikasini S, meropenemu S. Sijamaliza kusoma daktari amenipigia, na nyuma yake nasikia honi na watu, yuko foleni ya feri upande wa Likoni akirudi kutoka kwao. Akaniuliza, "Sista, kriatini yake ya leo asubuhi ni ngapi?" Hicho ni kipimo cha damu kinachoonyesha figo zikoje. Nikamsomea, figo ziko sawa. "Na uzito?" Nikamwambia. Akaniambia tumpe amikasini, meropenemu tuiache, akaiandika mwenyewe kwa simu pale pale garini, famasi wakaiona, ikaletwa, na kabla ya saa kumi na mbili dozi ya kwanza ishaingia kwa kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa. Feri yenyewe sijui kama alikuwa ashaipanda. Jumanne asubuhi yule mama aliamka anauliza kama anaruhusiwa mahamri na mbaazi kutoka nje maanake uji wetu umemchosha. Zamani hayo majibu yangesomwa Jumatatu kwa raundi ya madaktari, na raundi yafika kitanda chake saa tano hivi.

Kwa hiyo moja peke yake natoa nyota tano.

Ya pili ni ile ya saa arobaini na nane. Mgonjwa akimaliza siku mbili kwa antibaiotiki, daktari akifungua faili anaulizwa: unaendelea, unabadilisha, unapunguza au unasimamisha, na kwa nini. Wazo ni zuri sana. Watu wengi wanaanzishiwa dawa kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo naielewa, lakini siku ya pili ushaona mengi, homa imeshuka ama la, picha ya kifua imerudi, kalcha imeanza kusema kitu, basi kaa ufikirie tena. Shida ni kwamba wiki za kwanza walikuwa wanabonyeza "endelea" tu ili kijisanduku kiondoke. Sababu wanaandika nukta. Walahi nimeona faili mgonjwa ana nukta tatu, siku ya pili nukta, siku ya nne nukta, siku ya sita nukta, na dawa ile ile.

Kilichobadilisha si kompyuta, ni mfamasia. Dada mmoja mtulivu, akawa kila asubuhi anachapisha orodha ya walioulizwa jana wakajibiwa nukta, anapanda juu nayo, anaongea na daktari uso kwa uso, hagombi, anauliza tu "daktari, huyu wa kitanda cha tisa tunamtibu nini hasa?" Baada ya wiki kadhaa nukta zikapungua zenyewe kwa sababu mtu anajua ataulizwa. Kwa hivyo wewe unayetaka kununua, kama hospitali yenu haina mfamasia wa kuzunguka na hiyo orodha, hii arifa ya pili usiilipie kwanza.

Kuna ya tatu ambayo yatokea daktari akiwa bado yuwaandika dawa, na hii nataka kuielezea vizuri kwa sababu watu wa mauzo wanaipigia debe sana na wanataja utafiti wa Marekani. Utafiti upo na ni wa kweli, unaitwa INSPIRE, hospitali 59 kule, matokeo ya kwanza yalitoka kwa jarida la JAMA Aprili 2024. Walichofanya ni hivi: daktari akiandikia mgonjwa wa nimonia au wa maambukizi ya mkojo dawa zile pana, zinazoua wadudu wa kila aina, ndani ya siku tatu za kwanza, kompyuta inapiga hesabu kutoka kwa faili ya huyo mgonjwa, umri, amelazwa lini mara ya mwisho, amewahi kuwa na mdudu sugu, na kama uwezekano wa mdudu sugu ni chini ya asilimia 10 inamwambia daktari kwamba dawa ya kawaida yatosha. Siku za kutumia dawa pana zikapungua kama asilimia 28 kwa nimonia na asilimia 17 kwa mkojo, na wagonjwa hawakuzidiwa wakapelekwa ICU zaidi ya wenzao. Mimi nilivyosoma nilifurahi, maanake imeonyesha unaweza kubana dawa bila kumhatarisha mtu.

Lakini ile hesabu imetokana na wagonjwa wao na wadudu wao. Huku kwetu mtu anaweza kununua antibaiotiki duka la dawa Kongowea au Mwembe Tayari bila karatasi ya daktari, anakunywa siku mbili, akipata nafuu anaweka zilizobaki amgawie jirani, kwa hivyo ukiniambia mgonjwa "hajalazwa miezi sita kwa hivyo hana mdudu sugu" nitakuuliza umejuaje. Nilimuuliza kijana wa kampuni ile hesabu ya hatari wameitoa wapi, akaniambia ni ya kimataifa. Nikamwambia mimi nataka ya labu yetu hapa chini. Kusema kweli walisikiliza, na mkuu wa labu akakaa nao, wakakusanya kalcha zetu wenyewe za miezi iliyopita, ni wadudu gani wametoka wadi gani na dawa gani zinawaua, sasa kijisanduku kikitokea kinaonyesha hizo. Bado data ni kidogo kwa sababu kalcha tulikuwa hatupeleki nyingi, mgonjwa analipia na wengine wanakataa. Lakini ni yetu. Kama mwaletewa sistimu muulize hilo swali kabla ya bei.

Kitu kimoja kizuri hapo ni rangi. WHO mwaka wa 2017 iligawa antibaiotiki makundi matatu, za kuanza nazo, za kuangaliwa, na za kuwekwa akiba kabisa, na kwa skrini yetu kila dawa ina rangi ya kundi lake. Mainterni walishangaa kuona seftriaksoni iko kundi la kuangaliwa, maanake humu tulikuwa tunaipeana kama panadoli, na amikasini ambayo wanaiogopa iko kundi la kwanza. Amikasini yataka uangalie figo, ndio, lakini hapo ndio arifa ya kriatini yasaidia, kriatini ikianza kupanda dozi inaulizwa kabla haijadungwa.

Sasa niongelee mpira wa mkojo, maanake hii ni ya manesi na hakuna anayeiongelea.

Mzee mmoja aliletwa na stroki, alikuja hajitambui, akawekewa mpira wa mkojo kule chini alikopokelewa, sawa kabisa. Akaja wadini. Siku ya tatu ashaanza kuongea kidogo, siku ya nne anakaa, mwanawe anamlisha. Na mpira bado uko. Ukiuliza wa mchana atasema aliukuta, ukiuliza wa usiku atasema aliukuta, daktari kwa raundi anaangalia mkono na mguu unaolegea, mfuko wa mkojo uko chini ya kitanda umefunikwa na shuka, hakuna anayeuona. Na huo mpira kila siku inayopita wadudu wanapanda nao, ndio njia yao, hakuna siri hapo. Siku ya sita nikaingia zamu ya asubuhi nikafungua faili yake, pakaandikwa: "Kateta siku ya 6. Sababu iliyoandikwa: hajitambui. Bado yahitajika?" Nikamtazama mzee. Yuko macho, ananisalimia, "Sista, hujambo mwanangu." Nikafunua shuka, mkojo kwenye mfuko ushaanza kuwa na mawingu.

Kwetu tulikubaliana na madaktari kwamba sababu ikiisha nesi anaruhusiwa kuutoa bila kungoja raundi. Nikautoa, nikamweka chupa karibu upande wa mkono wake mzima, nikamwonyesha mwanawe. Mzee akanishika mkono akaniambia siku zote hizi alikuwa anaona haya kuuliza kile kitu kitatolewa lini, alidhani ndio amekwisha kuwa hivyo maisha. Hilo lilinikaa sana. Mkojo tulipeleka labu na tukamfuatilia, hakupata homa, akaenda kwao Kisauni kwa miguu yake akishikiliwa upande mmoja.

Hii arifa haina akili yoyote ya ajabu. Inahesabu siku tu. Inahesabu na za kanula pia, kanula iliyokaa na mkono ushaanza kuwa mwekundu pale inapoingilia. Lakini wadi ikiwa na wagonjwa thelathini na nesi wawili usiku, kuhesabu siku ndicho kitu cha kwanza kinachotutoka kichwani, kwa hivyo naishukuru.

Haya, machungu sasa.

Zilikuwa nyingi mno. Mwezi wa kwanza kompyuta ilikuwa inalia kwa kila kitu, panadoli na dawa ya presha, sukari ya saa nane haijaandikwa, joto la mtu aliyetoka kunywa chai ya moto. Usiku mmoja niliamua kuzihesabu nikaacha nilipofika thelathini maanake kazi ilikuwa inanisubiri. Na zikiwa nyingi hivyo kidole chazoea, unafunga kabla hujasoma, na siku moja ndani ya hizo unazozifunga imo ya maana. Mwenzangu alifunga ya mzio wa penisilini hivyo hivyo, bahati nzuri mgonjwa mwenyewe akaona sindano akauliza "hiyo ni dawa gani, mimi nadhurika na penisilini." Tukamaliza ile shifti miguu yatetemeka. Baada ya hapo tulikaa kikao, manesi, madaktari na famasi, tukapitia arifa moja moja tukauliza hii ikilia nani anafanya nini, na ambayo haikuwa na jibu ikazimwa. Zaidi ya nusu zilizimwa. Kampuni haikupenda, walisema ukizima na baadaye pakitokea jambo lawama ni yenu. Mimi nasema arifa ambayo haisomwi ndiyo ya hatari.

Ile ya kutabiri mgonjwa anayezidiwa kwa sababu maambukizi yameingia mwilini mzima, siipi alama nzuri. Inachukua joto, mapigo, pumzi na presha, inatoa namba. Inalia kwa mtu mwenye pumu, inalia kwa mama aliyetoka kupanda ngazi, halafu mzee dhaifu ambaye homa haipandi kabisa hata akiwa mahututi inamnyamazia. Na si yetu peke yake, kule Marekani watafiti wa Michigan mwaka 2021 walipima ile ya kampuni ya Epic inayotumika hospitali nyingi kwao, wakaona imewakosa theluthi mbili ya wagonjwa waliokuwa na shida hiyo, na bado ilikuwa imelia kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya kila watano. Sisi tumeiacha iwake lakini hatuitegemei, mgonjwa aliyebadilika tunamwendea tukimwona amebadilika, na mama yake au mkewe akisema "sista, huyu leo si yule wa jana" hiyo kwangu ni arifa kubwa kuliko ya skrini.

Paswadi. Kompyuta ya wadi ni mbili, mtu akifungua asubuhi kwa jina lake wengine wanaendelea humo humo maanake kutoka na kuingia kwachukua muda. Matokeo yake kuna arifa ya kalcha ilijibiwa "imeonekana" kwa jina la nesi ambaye wakati huo alikuwa ashafika kwake Bamburi. Nani aliiona? Hakuna. Ile siku mgonjwa alichelewa dawa mpaka jioni, na yule dada aliitwa ofisini akalia kwa kitu ambacho hakufanya. Sahii tumeletewa kadi za kugusa, unaingia na kutoka kwa sekunde, tangu hapo afadhali. Lakini hizo kadi zililipiwa kando, hazikuwa kwa bei ya mwanzo, kwa hivyo uliza mapema. Na pia skrini ilikuwa inatazama mlangoni, wageni wakija kuona wagonjwa saa saba wanasoma majina na magonjwa ya watu, na sheria ya data ya 2019 yasema habari za afya ni nyeti. Tuliigeuza sisi wenyewe, tukasukuma meza.

Stima ikipotea jenereta yashika lakini wifi yachukua dakika kadhaa kurudi, na hizo dakika tumerudi kwa karatasi, kwa hivyo karatasi za dawa tuko nazo kwa droo na wanafunzi tunawafundisha kuzijaza.

Na kuna jambo ambalo hakuna sistimu italimaliza. Arifa yalia, mdudu huyu dawa yake ni meropenemu, tunafungua famasi hakuna, familia yaambiwa ikatafute nje. Nimeona kijana anatoka na ile karatasi saa tatu usiku, anarudi saa sita na chupa mbili kwa sababu pesa zilitosha mbili. Tulimpa hizo mbili. Kuzipata nyingine ilibidi watu wa mtaa wake Majengo wachange, na wakachanga, alfajiri zikaja. Labu yetu imejua haraka, daktari ameamua haraka, na bado mgonjwa amengojea. Nimemwomba mkuu wa famasi arifa ya kalcha iwe yaonyesha pia dawa ipi iko stoo, ili daktari asiandike isiyopo ikiwa nyingine yenye S iko rafuni. Wamesema inawezekana, bado naisubiri, na kila kikao nitaikumbusha.

Kwa jumla natoa nyota nne. Nyota niliyoipunguza ni ya kelele za mwezi wa kwanza na zile kadi. Kama pesa yenu ni kidogo na mwaambiwa mchague, chukueni ya kalcha na ya kuhesabu siku za mipira, hizo mbili, halafu mtu wa kuzifuatilia apewe hiyo kazi kwa jina lake na ipunguzwe kazi nyingine aliyo nayo. Msikubali mkataba ambao kuzima arifa lazima mupige simu Nairobi, sisi mwanzo ilikuwa hivyo na tulingoja wiki mbili ile ya panadoli inyamaze.

Kwa yule mwenzangu wa Changamwe aliyeuliza kama yafanya kazi bila simu kubwa: ya kalcha ndio. Kwa kitochi yaja kama meseji, haina jina la mgonjwa, ni wadi, nambari ya kitanda na neno kalcha tu, halafu unakimbia kwa kompyuta kusoma. Kile kitochi chetu cha wadi kimefungwa kwa kamba ya bluu pale mezani kwa inchaji, chaji yaangaliwa kila shifti ikibadilishana, na imeandikwa kwa daftari la makabidhiano pamoja na funguo za kabati la dawa.